Kampuni zenye 'mtu wao' hazina haraka na dijitali

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kongowea, asiyejuana na yeyote katika afisi ya gavana, hana hiari kuhusu teknolojia. Tangu Januari 2024, KRA haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS. Asipotoa ankara hiyo, kampuni zinazonunua kwake zitahamia kwa jirani. Atajifunza, apende asipende.

Kampuni yenye 'mtu wake' serikalini hupiga hesabu nyingine. Faida yake haitokani na bei nafuu wala rekodi safi, bali simu inayopigwa kabla zabuni haijatangazwa. Ya nini basi kugharimia mfumo wa kusimamia bidhaa au kuwafunza wafanyakazi? Itanunua tarakilishi zikiwa sharti la zabuni, kisha zipigwe na vumbi.

Si kwamba ukaribu na serikali huua ubunifu kila mara. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007, serikali ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi zaidi, na Benki Kuu iliruhusu huduma hiyo kabla ya kuwepo sheria mahususi. Lakini Safaricom ililazimika kumshawishi mteja mmoja mmoja, kuanzia Likoni hadi Lodwar. Mkandarasi wa kaunti ana mteja mmoja tu, na huyo tayari ni rafiki.

Hapo ndipo ugomvi wa mfumo wa zabuni wa e-GP unapoeleweka. Hazina ya Kitaifa ilitaka taasisi zote za umma ziutumie kuanzia Julai 2025. Magavana wakapinga, kesi zikafika mahakamani. Zipo hoja za haki kuhusu sheria na maandalizi. Hata hivyo, mfumo unaoonyesha nani aliomba, kwa bei gani na saa ngapi, unamnyima raha anayetegemea kujuana.

Tusidanganyike kwamba mitambo pekee inatosha. IFMIS ilikuwepo wakati wa sakata ya NYS ya 2015 iliyohusu Sh791 milioni, na ilidaiwa kwamba neno la siri la afisa liliibwa na kutumiwa.

Kwa vijana, wanawake na walemavu wa Pwani waliotengewa asilimia 30 ya zabuni, swali kwa mwakilishi wa wadi ni moja: mbona orodha ya waliopewa kazi, na bei zao, isiwekwe wazi mtandaoni? Bila hilo, mjuzi wa dijitali ataendelea kushindwa na mwenye nambari ya simu ya mkubwa.