Zahanati Isiyo na Taa

Wenzetu makarani,

Husemwa mara nyingi, katika barua zipitazo mikononi mwetu, kwamba mahali fulani pamejengwa zahanati, na kwa hiyo watoto wa pale wamepata salama. Sisi twaona neno hilo lahitaji kupimwa.

Hatukatai kwamba mengi yametendeka. Utafiti wa taifa wa miaka ya 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi kubwa, na watoto wa Bagamoyo wenyewe walikuwa miongoni mwa waliofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike, mwaka 2021. Walakini tazameni wachanga wasiotimiza mwezi: waliokufa walikuwa 32, wakawa 24. Yaani katika wale 43, zaidi ya nusu ni hao.

Maana chandarua huchukuliwa kwa baiskeli, na chanjo kwa sanduku la baridi. Mtoto aliyezaliwa hapumui hawezi kungoja kitu kiletwe. Yampasa kusaidiwa kuvuta pumzi ndani ya dakika ile ya kwanza, na mkunga aliyefundishwa, mwenye mfuko wa kupulizia na mwanga wa kuonea. Barabara ya lami itokayo Msata kwenda Bagamoyo ni neema, nasi twashukuru; lakini ni kilometa 64, na hakuna motakaa iwezayo kuzimaliza kwa dakika moja. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, huyo aweza kusafiri, akifungwa kifuani mwa mama yake apate joto, mradi kule aendako pana oksijeni na mtu wa kumwangalia usiku.

Basi jengo ni ganda (na tumeona maganda mazuri sana, yamepakwa chokaa). Tulitakalo ni hili: karani ajazaye taarifa ya zahanati, awe Msata au kwingineko, asiandike idadi ya vyumba akanyamaza. Aandike kama maji yalitoka mwezi ule, kama taa iliwaka usiku, wakunga ni wangapi na ni nani alalaye pale, na mfuko wa kupulizia u wapi. Na chama chetu kiyapeleke hayo kwa wakubwa kabla makadirio ya fedha ya mwaka hayajafungwa.