Mto ukigeuka mwekundu, nani analipa?



Jumanne tulipokuwa tunachambua sombe, mama mmoja alitupa ulizo: mto ukichafuliwa katika inchi ya wengine, na sisi tunaokunywa maji yake tuko huku, nani analipa? Wengine walicheka, maana tulikuwa kwenye mazungumzo ya bei ya makala. Mimi sikucheka. Sisi wa Kingamyambo, jina letu ndilo jina la lundo la mabaki ya madini.

Jambo hilo limekwisha kutokea kwetu Congo. Mwezi wa 7 mwaka 2021, bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Catoca, katika jimbo la Lunda Sul huko Angola, lilivuja. Maji hayaombi ruhusa mpakani. Yalishuka mpaka mto Tshikapa, yakaingia Kasai, mto ukawa mwekundu, samaki wakaelea wamekufa. Watu wakakatazwa kunywa maji na kula samaki; fikirini bukari bila samaki, na bidoni tupu mlangoni. Mwanzo wa mwezi wa 9 waziri wetu wa mazingira, mama Eve Bazaiba, alitangaza kwamba watu 12 wamekufa na 4.400 wameugua. Akasema Congo itadai fidia: anayechafua ndiye anayelipa. Kampuni ilikubali kwamba uvujo ulitokea, lakini ikasema ni mchanga na udongo tu, si sumu.

Hapo ndipo kesi za mito zinapokwama. Argentina ilipeleka Uruguay mbele ya mahakama ya kimataifa ya La Haye mwaka 2006, kwa sababu ya kiwanda kilichojengwa kando ya mto wao wa pamoja. Hukumu ilitoka 2010. Majaji walisema Uruguay ilikosa kwa kutomjulisha jirani yake mapema kama mapatano yao yalivyotaka. Lakini juu ya uchafu wenyewe, Argentina haikuleta ushahidi wa kutosha, na kiwanda kikabaki. Tena mahakama ile haihukumu inchi ambayo haikukubali kuhukumiwa nayo, na mama wa kijijini hawezi kuifungulia kesi. Ni serikali tu.

Na tusijione wenye haki kila mara. Musonoi yetu inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo inayokuwa mto Congo, na mto huo unapita kati ya Kinshasa na Brazzaville. Kwa ndugu zetu wa Brazzaville, Angola ni sisi.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Anayeona maji yamebadilika rangi au harufu, samaki wamekufa, au watoto wana vipele baada ya kuoga, aandike siku, saa na mahali palepale. Akiweza, achote maji katika chupa safi, aifunge vizuri, aandike tarehe juu yake, aiweke mahali pa baridi, na aipeleke upesi kwa wanaopima maji. Siku ambayo mto ni mzuri pia tuandike, kwa maana bila hiyo nani atajua kwamba umeharibika?

Daftari liko kwa mwandishi wetu wa chama. Jumanne ijayo lete kalamu yako. Yangu imekwisha wino.