Bao Halifi? Tuulizane!

Msomaji wangu, juzi nilipita kijiweni kwetu hapa Sumbawanga, baridi ya Ufipa inang'ata kwelikweli. Wazee wawili wanacheza bao, watatu wanashabikia. "Bao halifi, mwanangu!" ananiambia mmoja. Shikamoo mzee wangu, lakini mbona mashabiki wote mna mvi? Vijana wenzangu wako kwenye pool na mikeka ya simu. Bao lina mashimo 32, kete 64. Kila mtu anaanza na 22 mkononi, mnanamua mpaka ziishe, ndipo mtaji. Nani atayajua hayo kwa kushabikia tu? Nikaomba kiti. Mzee akanila mpaka nyumba, kijiwe kizima kikanizomea! Jumamosi narudi, na mdogo wangu namburuta. Ila wazee, mkituzomea tena hatuji.