Tunapoinuka, Tunamwacha Nani?



Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini wengi wetu tuliwahi kuijua njaa; imekuwaje tukaisahau?

Tutazame shule. Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wapya zaidi ya milioni 1 wakaingia darasani. Madarasa yakafurika. Wazazi wengi wenye uwezo wakawahamishia wana wao katika shule za binafsi. Hawakuwachukia maskini, kila mzazi humtakia mwanawe mema. Ila waliondoka na sauti zao. Mwalimu akikosekana, mzazi ambaye angemwandikia barua afisa wa elimu hayupo tena mkutanoni.

Ndivyo maskini wanavyoachwa: si kwa chuki, bali kwa kutoshiriki nao tena dawati, kisima wala zahanati. Tusichokishiriki hakituumi.

Basi sisi tuliojaliwa, hata kama watoto wetu wanasoma kwingine, shule ya kijijini ingali yetu. Twende mikutanoni, tuulize fedha zilivyotumika, tumtetee mtoto wa jirani kama wetu.