Umeme wa jua: funguo zibaki mkononi mwa mwenye nyumba

Siku hizi, katika maduka ya vifaa vya umeme ya Goma, Bukavu na Butembo, inveta nyingi, zile ambazo mafundi huita konvertisere, zinauzwa pamoja na kijiti kidogo cha Wi-Fi. Fundi akimaliza kufunga pano za jua juu ya mabati, anachomeka kijiti hicho chini ya inveta, anaomba namba ya siri ya Wi-Fi ya nyumbani, na baada ya dakika chache simu inaonyesha batri imefika asilimia ngapi. Jamaa inafurahi, fundi analipwa na kwenda zake. Mara nyingi kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza: akaunti iliyofunguliwa ndani ya programu ile ni ya nani?

Swali hilo lina uzito. Anayeshika akaunti ndiye anayeona umeme wa nyumba saa kwa saa. Kwa inveta nyingi, ndiye pia anayeweza kubadili mipangilio ya batri, na hata kuzima mtambo akiwa mji mwingine. Kuunganisha inveta na Wi-Fi ni jambo jema, lakini jamaa inayofanya hivyo bila kushika akaunti yake yenyewe imejenga nyumba na kumwachia mjenzi funguo za mlango.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawakununua pano za jua kwa anasa. Bukavu inategemea umeme wa SNEL unaotoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, na kila mkaaji anajua maana ya kulala gizani siku ambazo umeme unakatwa kwa zamu. Goma ina bahati ya kupata umeme wa bwawa la Matebe, lenye megawati 13,8, lililofunguliwa mwaka wa 2015. Lakini mji huo umeona pia mambo mengine. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na umeme na maji vikakatika katika mitaa mingi. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, vita vilipoingia mjini, wakaaji walikaa siku kadhaa bila umeme na bila maji, intaneti ikasumbua, na benki zikafunga milango. Nyumba yenye pano na batri ndiyo iliyowachajia majirani simu.

Hapo ndipo mtu anapaswa kuanzia anapofikiria Wi-Fi. Kama umeme wa jua unanunuliwa kwa ajili ya siku mbaya, basi usingoje intaneti ili uwake, kwani siku mbaya ndizo siku ambazo intaneti nayo inakwenda. Kwa inveta ya kawaida, habari ni njema: kijiti cha Wi-Fi ni mjumbe tu. Kinachukua hesabu za umeme na kuzipeleka kwenye kompyuta za mtengenezaji, ambazo mara nyingi ziko nchi za mbali, na simu inazisoma toka huko. Wi-Fi ikikatika, taa zinaendelea kuwaka. Mwenye nyumba anaweza kujihakikishia mwenyewe kabla fundi hajaondoka: azime ruta, kisha atazame kama friji na taa vinaendelea. Jaribio hilo ni la dakika 5 na halilipishwi.

Faida za mjumbe huyo ni za kweli. Batri ndiyo hula sehemu kubwa ya feza ya mtambo wa jua, na batri nyingi za risasi zinakufa mapema kwa sababu zinamalizwa kila usiku. Batri ya namna hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Mtu anayeona kwenye simu kwamba saa mbili ya usiku batri imekwisha kufika asilimia 60 atazima televisheni na kuokoa friji. Mama anayeuza maji baridi na samaki anaweza kujua, akiwa sokoni, kama friji ya nyumbani ingali inapata umeme. Mtoto aliye Kinshasa au Ubelgiji, aliyetuma feza ya kununua mtambo wa wazazi, anaweza kuona kama pano zimejaa vumbi na hazizalishi tena.

Kuna gharama pia, na wauzaji hawaitaji. Hesabu zinazotumwa na inveta ni ndogo, hazimalizi mega. Kinachokula ni ruta yenyewe. Ruta inayotumia wati 10, ikiwaka mchana na usiku, inakula wati-saa 240 kwa siku. Batri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1 200, na nusu yake tu, yaani 600, ndiyo inayofaa kutumiwa bila kuiharibu. Basi ruta peke yake inachukua karibu sehemu mbili kwa tano za akiba hiyo. Katika nyumba yenye batri moja, ni busara kuwasha ruta mchana wakati jua ni kali, na kuizima watu wakilala.

Wengine wanatumia simu ya baba kama Wi-Fi. Inawezekana, lakini baba akitoka na simu yake, inveta inabaki bila njia, na programu itaandika kwamba mtambo haupo. Watu wanaogopa na kumwita fundi bure. Vilevile, vijiti vingi vinasikia Wi-Fi ya gigahezi 2,4 tu. Ruta ikiwekwa kwenye gigahezi 5, au inveta ikifungwa kwenye stoo nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya volkano, kijiti hakitaona kitu. Na siku namba ya siri ya Wi-Fi itakapobadilishwa, lazima inveta nayo ifundishwe namba mpya. Hayo ni mambo madogo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya mwenyewe, mradi akaunti iwe yake.

Na hapa ndipo kasoro kubwa inaonekana. Ili kumaliza kazi haraka, fundi anaweza kuandikisha inveta kwa namba yake ya simu au anwani yake ya barua pepe, kisha anampa mteja ruhusa ya kutazama tu. Pengine hana nia mbaya. Lakini fundi anaweza kuhama, kukimbia vita, kupoteza simu, au kugombana na mteja. Siku hiyo mwenye mtambo aliolipia kwa jasho lake atajikuta mgeni ndani ya nyumba yake. Tena, mstari unaoonyesha umeme unaotumika unasema mengi: unaonyesha saa watu wanaamka, saa wanalala, na wiki ambayo nyumba haina mtu. Katika miji ambayo wezi wanaingia usiku na wakaaji wanaogopa kusema wanasafiri lini, habari kama hiyo haifai kubaki kwenye simu ya mtu mwingine.

Hatari ya kuzimiwa umeme toka mbali imekwisha kuonekana kwa wengine. Mwezi wa tano mwaka wa 2025, shirika la habari la Reuters liliandika kwamba inveta za jua zilizoko Marekani na kwingineko zilizimwa toka China mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2024. Mwezi huohuo wa kumi na moja, bunge la Lituania lilipitisha sheria ya kuzuia kampuni za China zisiweze kuongoza toka mbali mitambo ya jua, ya upepo na ya batri inayozidi kilowati 100. Nchi hizo zina umeme wa serkali wa kutegemea inveta ikizimwa. Jamaa ya Uvira au ya Beni ina nini?

Kuna mitambo ya namna nyingine ambayo haipaswi kuchanganywa na hiyo: ile ya kulipa kidogo kidogo kwa simu. Huko, kufungwa kwa mtambo mteja asipolipa ni sehemu ya mapatano, na bila kifungo hicho wengi hawangepewa mtambo kwa mkopo. Hakuna ubaya. Ubaya unakuja pale mteja anapotaka kulipa na hawezi, kwa kuwa mtandao wa simu umeanguka au feza taslimu imepotea mjini. Mapatano ya haki yanapaswa kusema mapema mtambo utaendelea kuwaka siku ngapi wakati kama huo. Mitambo inayofunguliwa kwa kuandika namba kwenye vitufe vyake inafaa zaidi kwa mazingira ya hapa kuliko ile inayongoja ishara toka mnara wa simu, kwani namba inaweza kusomwa hata toka simu ya jirani aliyepata mtandao.

Kuna watu wanaosema dawa ni kutupa kijiti cha Wi-Fi na kusoma kioo cha inveta tu. Kwa nyumba yenye taa tatu na redio, wana haki. Lakini kwa zahanati inayotunza chanjo, kwa shule, kwa jamaa iliyoweka akiba ya miaka kwenye batri za litiamu, kukosa kuona ni hasara pia. Kasoro ya batri inayoonekana mapema inatengenezwa kwa feza kidogo, na isipoonekana mtambo wote unaweza kusimama. Tena watengenezaji wengine, mteja anapodai garanti, huomba kuona hesabu zilizotumwa na kijiti. Asiyekuwa nazo anabaki na maneno matupu.

Basi kinachofaa ni masharti. Mwenye nyumba afungue akaunti kwa namba yake mwenyewe, fundi akiwa bado yupo, na fundi ndiye apewe ruhasa ya kutazama, ile inayoweza kuondolewa. Namba ya siri ya kiwandani, ambayo kwenye vijiti vingine ni 12345678, ibadilishwe siku hiyohiyo. Muuzaji aseme wazi kama mtambo unaweza kuzimwa toka mbali, na nani anaweza kuuzima. Shule na makanisa yanayopewa mitambo na wafadhili yaulize jambo hilo kabla ya kukata utepe, kwani mradi ukiisha na wafadhili wakienda, akaunti huenda nao.

Viongozi nao wana kazi yao. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali toka tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka wa 2023, nayo inalinda habari za watu binafsi. Habari za umeme wa nyumba ni habari za watu. Mashirika ya raia ambayo kila siku yanapaza sauti juu ya bei ya umeme na nguzo zilizoanguka yangefanya vema kuongeza dai hili kwenye orodha yao, wakati ambapo mitambo ya namna hii bado si mingi na desturi mbaya haijaota mizizi.

Pano ziko juu ya paa la mwenye nyumba, na batri ziko ndani ya chumba chake. Akaunti nayo iandikwe jina lake, kabla fundi hajakunja waya zake na kuondoka.