Bibi ana mengi kuliko jarida!

Majuzi kijiweni nilimbana mshikaji mmoja, Msegeju wa damu kabisa. Nikamuuliza, mababu zako walifikaje pwani hii ya Tanga? Akatoa macho. Eti hayo mambo ya wazee. Nikamwambia kuna Mzungu kayaandika, tena zamani. Akadhani namzingua.

Simzingui. Machi 1936, kule Dar, lilianza jarida likiitwa Tanganyika Notes and Records. Lilikuwa la watu wenye ugonjwa wa kupenda magofu, ndege, nyoka, mila na habari za kale. Baadaye chama chao kikajulikana kama Tanganyika Society. Wenzao wa Nairobi walishatangulia: chama chao cha elimu ya viumbe kilizaliwa 1909, na makumbusho ya Kenya yalianzia mikononi mwao.

Waandishi wa Dar walikuwa akina nani? Mabwana shauri, mabwana nyama, wamisionari, walimu. Mchana mtu anakusanya kodi, jioni anaandika habari za makaburi. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mmoja wao, E. C. Baker, mwaka 1949 akachapisha humo historia ya Wasegeju. Kwa Kiingereza, bwana! Bila shaka waliomsimulia ni wazee wetu, barazani, kwa lugha zetu, na wajukuu zao wengi hawakuweza kuisoma.

Miaka ya 1960 jarida likabadilishwa jina, likawa Tanzania Notes and Records, na Waafrika nao wakaandika. Mimi siwachukii wale mabwana. Wasingeandika, leo tungebishana hewani tu. Kinachoniuma ni kwamba wao walikuwa na hamu ya kuuliza, sisi tuna simu zenye kurekodi na tunarekodi taarabu za harusi.

Maneno hayo yalimchoma mshikaji. Jumamosi akapanda gari la Moa, kwa bibi yake, na kilo mbili za sukari mkononi. Bibi akampokea mlangoni: "Mume wangu, leo umenikumbuka?" Wakacheka, wakala, simu ikawashwa.

Jumapili usiku karudi kijiweni, kimya. Ana dakika 18 za bibi. Mengine yote, bibi kamwambia, alikuwa akiyajua babu, na babu tumemzika mwaka juzi.