Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Katika nyumba nyingi za Ibanda, Kadutu na Bagira mtakuta kompyuta ya zamani imewekwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Mwenyewe husema: "Hii imekufa." Lakini mara nyingi haikufa, imelemewa tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za miaka iliyopita. Je, mzazi anunue nyingine, hali karo za shule zinamngoja? Kabla ya kununua, yafaa ajaribu Linux.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Finland. Aina nyingi za Linux hazilipiwi, na sheria zake huruhusu mtu kuzinakili na kumpa jirani. Basi ugumu si bei. Ugumu ni kuchagua. Kila fundi husifu yake. Ninyi msisikilize sifa, ipimeni kwanza mashine yenu.

Ulizeni kwanza: kumbukumbu yake, yaani RAM, ni kiasi gani? Diski ni kabati la kuwekea vitu. RAM ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kazi husongamana. Mwenye gigabaiti 4 achukue Linux Mint yenye sura ya Xfce. Mwenye gigabaiti 2 atafaidiwa na Debian yenye LXQt. Mwenye gigabaiti 1 ajaribu antiX au Puppy Linux, zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyonge wa namna hiyo.

Ulizeni pia: ni mashine ya biti 64 au 32? Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haiwekwi tena katika mashine za biti 32. Kwa hizo iko antiX 23, ya mwaka 2023.

Tena fikirini gharama ya intaneti. Faili la Linux Mint lapita gigabaiti 2, nalo ni zito kwa vifurushi vyetu. Mmoja alipakue, kisha wengine wanakili kwa flashi. Ndiyo sababu ni vema kuchagua aina ambayo jirani anaijua, apate kuwasaidia mkikwama.

Sasa sikilizeni vema, hasa ninyi wanafunzi mnaoandika kazi ya mwisho wa masomo. Kuweka mfumo mpya kwaweza kufuta diski yote: kazi ya miaka, picha za ubatizo na za arusi, vyote vikapotea kwa saa moja. Nakilini kila kitu mahali pengine, mkafungue nakala hizo katika kompyuta nyingine mhakikishe kwamba zasomeka. Kisha washeni Linux kutoka katika flashi, bila kugusa diski. Jaribuni sauti, mtandao, na herufi za kibodi ya Kifaransa. Mkiridhika, ndipo muiweke. Wala msianze kama umeme unakatika-katika na betri imekufa.

Lakini msidanganyike: Linux haimrudishii mzee ujana. Kurasa nzito za intaneti zitaendelea kuilemea mashine ya gigabaiti 1. Hata hivyo itaandika barua na kazi za shule kwa LibreOffice, itafungua vitabu, itafanya hesabu za duka. Na fundi akiibadilishia diski ya kuzunguka kwa SSD, itafunguka upesi zaidi.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mashine ndogo iliyopewa mzigo wa kadiri yake humfaa mtoto kuliko kubwa ambayo baba hana fedha ya kuinunua.